Arbuni

Mvua ya Mei ilipenya bati, ikalowesha daftari la vipimo,
kurasa zikagandana kama midomo ya walionuniana.
Nikakesha nalo, cherehani nimeifunika,
nanakili mstari kwa mstari kwenye daftari jipya:
kifua, kiuno, bega, mkono.

*Bi Shamsa binti Omari, buibui. Arbuni: atalipa.*
*Maalim Bwanaheri, kanzu mbili. Arbuni: atalipa.*
*Mtaliano wa nyumba ya ufuoni, mapazia kumi na sita. Arbuni: apendavyo.*
*Mgiriama wa makaa, sare ya mtoto. Kalipa yote.*
*Mama wa Kakuyuni, sare mbili. Kalipa yote.*
*Mweusi mrefu, suruali. Kalipa yote, kabla sijakata.*

Kalamu ikasita.
Mweusi mrefu?
Na mkono ulioandika hivyo una rangi gani, ya maziwa?
Uzi mweusi nikiutunga sindanoni
siuoni unapoishia na kidole kinapoanzia.

Mimi huyu, ambaye barazani husema:
"Mie simbagui mtu. Futi haiulizi kabila,"
na wenzangu huitikia, "Naam, fundi, naam."
Kweli, futi haiulizi.
Niulizaye ni mie, na siulizi kwa mdomo.

Nikarudi nyuma kuhesabu waliotoweka na jasho langu:
binamu yangu Sharifu, kanzu ya harusi, mwaka wa nne huu, mke keshazaa mara mbili.
Mtaliano, na mapazia yake, kapanda ndege.
Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, twaamkiana kila alfajiri.
Nikatafuta mtu wa Kakuyuni, wa Ganda, wa Goshi.
Nilitafuta kwa hamu, naungama,
nimpate japo mmoja anitoe aibu.
Hayumo.
Wangelikimbiaje na deni
nami sikuwapa deni la kukimbia nalo?

Nani alinifunza? Somo silikumbuki.
Nakumbuka kikombe chenye ufa, nyuma ya mlango wa jikoni,
hakikukaa na vyenzake,
cha mkwezi wa minazi aliyekuja kila Ijumaa.
Hakuna aliyenieleza. Nilikijua tu,
nikampelekea maji kwa mikono miwili, kwa adabu zote,
ndani ya kikombe kile.
Jina lake nani yule?
Hilo nalo sikuandika.

Asubuhi mama wa Kakuyuni akaja,
pesa kazifunga pembeni mwa leso.
"Tangu—" nikasema, iliyobaki nikaimeza
ikashuka kama mwiba wa samaki.
"Jina lako nani, mama?"
Akanitazama kama aliyekuta mlango auzoeao umehamishwa.
"Miaka sita naja hapa. Leo ndiyo wauliza?"
"Leo."
"Mbeyu. Mbeyu Charo."
Nikaliandika kwa herufi kubwa, kalamu ikatoboa karatasi.
Nikamwambia atalipa sare zikiwa tayari.
Akafungua fundo vivyo hivyo,
akazipanga noti mezani, moja, moja, moja.
"Chukua," akasema. "Sitaki kudaiwa nawe."

Ningependa kusema yaliishia pale.
Juzi kaingia kijana, Mpokomo nadhani
(nadhani! Hata salamu sijaipokea)
ataka zipu ya begi ibadilishwe,
na mkono wangu wa kushoto ukavuta kisanduku cha pesa
ukakileta kifuani,
kabla yangu mimi.
Nikauona.
Naye aliuona; akageuza macho, akasoma kalenda ukutani,
ya mwaka juzi.
Nikakirudisha kisanduku pale pale, nikaweka na funguo juu yake,
nikamuuliza jina, na bei nikamtajia ile ya Maalim.
Hakutabasamu. Sikustahili.

Ukurasa wa mwisho wa daftari jipya ni wa wadaiwa.
Sharifu. Mtaliano. Jirani.
Chini yao nimeandika: *Lali Aboud, fundi.*
Safu ya kiasi
nimeiacha wazi.